Muuguzi Aliyemfungia Mdogo Wake Ili Aache Pombe

Saa mbili asubuhi, muuguzi anamfuta seremala nyuma ya sikio kwa pamba yenye spiriti, kisha anambandikia kidude kidogo kama kifungo cha koti. Seremala anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

"Dada, hiki si kitaniunguza ubongo?"

"Ubongo upi? Si uliniambia umeuacha baa?"

Wodi nzima inacheka, hata seremala mwenyewe. Hachomwi sindano wala hakatwi popote. Umeme kidogo sana kutoka kwenye kidude hicho hupita kwenye ngozi hadi mishipa ya fahamu, ili kupunguza mtetemo, jasho na hofu vinavyomvamia mtu anapoacha pombe.

"Kinasaidia tu, hakifanyi miujiza. Dawa za daktari ziko palepale," anasema muuguzi.

Ameshawabandika watu arobaini na mmoja. Anayemnyima raha ni yule ambaye hakuwahi kufika hapa.

Miaka tisa iliyopita, kabla hajasomea uuguzi, mdogo wake wa kiume, fundi viatu, alikuwa mlevi wa kutupwa. Mama yao aliposafiri, dada mtu akamfungia chumbani ili pombe imtoke. Chakula na maji akawa anampitishia dirishani.

"Siku ya pili alipiga mlango, nikamwambia jikaze, wewe si mwanaume? Siku ya tatu akanyamaza. Nikafurahi, jamani! Nikajua amepata usingizi."

Alipofungua, alimkuta amekakamaa sakafuni. Degedege lilikuwa limemuua.

Kwamba mlevi wa siku nyingi akikatizwa pombe ghafla anaweza kufa, alikuja kulisikia darasani, akisomea uuguzi.

Mama aliporudi, binti alimwambia kijana alianguka tu. Mpaka leo huwaambia majirani, "Binti yangu angekuwa muuguzi siku zile, mwanangu angekuwa hai." Binti husikia, akainamisha kichwa.

Jana mke wa seremala alikuja kumchukua mumewe akamfungie nyumbani. Muuguzi alimketisha kwenye benchi, akamsimulia yote, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwanamke yule alilia, akamwacha mumewe wodini.

"Mtu baki nimemwambia. Mama yangu mzazi je?"

Ameomba habari hii isitoke gazetini kabla ya Jumatatu. Jumapili atakwenda kwa mama.

"Akinifukuza, nitaondoka. Ila asije akasomewa gazeti na jirani. Aisikie kwangu, mimi niliyefunga ule mlango."