Silinda Iliyotangazwa Imekufa

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha uzee huu huku mikono yangu bado inahisi, maana bila hiyo ningemwamini fundi. Ametupa mvua, mpunga umesimama vizuri mabondeni, nami kila asubuhi naamka. Nikishasema hayo, naomba msomaji anivumilie, kwa sababu yanayofuata nayaandika nikiwa na hasira.

Nina pikipiki ya zamani yenye silinda mbili. Niliinunua misheni nilipokuwa mwinjilisti, na tangu nistaafu ndiyo inayonipeleka Ndandalo na Talatala kwa waumini wasioweza tena kutembea hadi kanisani. Wengine hunisubiri kitandani wakiwa wameshavaa nguo safi. Vijana huniuliza kwa nini nisipande bodaboda. Bodaboda haimsubiri mtu amalize kuomba.

Mvua zilipokuwa zinaishia, pikipiki ikaanza kumisi, yaani injini kukatakata moto. Ilikuwa inawaka, lakini inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na kamlima kadogo tu kakaishinda. Mwanangu, ambaye nyumba yake na yangu ziko kiwanja kimoja, alikuwa ameshazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaniambia kwa adabu kwamba fundi akithibitisha injini imekufa, itauzwa, na mimi nitapumzika nyumbani. Nilimwelewa. Kupumzika maana yake ni kuketi uani nikingoja nani ana nafasi ya kunipeleka kwa wagonjwa wangu. Hata hivyo nikakubali fundi aje.

Alikuja kutoka mjini, akaizunguka pikipiki mikono ikiwa mfukoni. Akaiwasha, akasikiliza kidogo, akazima.

"Mzee, silinda ya kushoto imekufa. Ringi za pistoni zimekwisha, haibani hewa tena."

Nikamuuliza amejuaje, naye hajafungua hata nati moja.

"Umri tu, mzee wangu. Hii na wewe nadhani mlibatizwa siku moja."

Mwanangu akacheka. Wakapatana hapohapo kwamba gari la vyuma chakavu lipite Jumamosi.

Nikaingia ndani, kwa kuwa nilijua nikifungua mdomo nitatenda dhambi. Lakini neno lile, "imekufa", lilinichoma. Nimezika watu wengi katika utumishi wangu, na sijawahi kumzika mtu ambaye hakuna aliyemgusa kifua kwanza. Siku hizi kila kitu kimekufa. Simu imekufa, redio imekufa, pampu imekufa. Anayesema hivyo hataki kuchafua mikono, basi.

Kesho yake, baada ya sala, nikaingia stoo inakolala pikipiki. Nikaipiga kiki, nikaiacha iungurume, kisha nikachovya vidole kwenye kikombe cha maji na kudondoshea kila bomba la moshi. La kulia likachemsha tone mara moja. Kwenye la kushoto tone lilitelemka polepole hadi chini. Kweli, upande wa kushoto ulikuwa haufanyi kazi. Swali lilikuwa ni kwa nini, swali ambalo fundi hakutaka kujiuliza.

Nikazima, nikafungua plagi ya kushoto. Ilikuwa imelowa petroli. Kwa hiyo mafuta yanafika, kinachokosekana ni moto. Nikaziba tundu la plagi kwa dole gumba na kupiga kiki, na hewa ikalisukuma dole langu likaruka. Ringi zilizokwisha hazisukumi hivyo. Hapo hasira ilinipanda mpaka ikabidi nikae juu ya gunia.

Nikaweka plagi nyingine, mpya, kwenye waya, nikaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki tena. Hakuna cheche. Basi si plagi. Nikaivuta kofia ya plagi kutoka kwenye waya wake. Mpira wake ulikuwa na mpasuko, na shaba ndani ya waya haikuwa shaba tena. Ilikuwa unga wa kijani, ukiushika unabaki vidoleni. Nikanusa. Siki.

Nikainua macho. Upande wa kushoto wa pikipiki, karibu kabisa, kulikuwa na boksi la mbao limefunikwa majani ya migomba, linatoa mvuke wa harufu ileile. Kakao ya mkamwana wangu, imevundikwa. Kila anayevundika kakao anajua ule mvuke unavyokula hata misumari ya boksi lenyewe.

Nikatoka mlangoni na sauti ambayo sijaitumia tangu mahubiri ya mwisho. Niliuliza ni nani aliyeweka boksi pale. Niliuliza kama nyumba hii yote haina nafasi nyingine. Niliuliza mengi mengine yasiyofaa kuandikwa.

Mkamwana wangu alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Kwao wanashika mila ya kale ya Kinyakyusa: mke wa mwana haonani na baba mkwe, hapiti anapoketi, hasemi naye. Nimehubiri miaka mingi kwamba katika Kristo mkamwana ni mwana, naye huitikia amina akiwa benchi la nyuma kabisa, kisha hupita njia ya migombani kurudi nyumbani. Sasa nikamsikia anasema na kuku.

"Nyie kuku, mnauliza kama hamjui. Kibanda cha kakao kiko uani, na uani anakaa mzee mwenyewe kutwa nzima. Mlitaka mtu apite wapi?"

Kuku wakaendelea kudonoa, nami nikajua ninayeambiwa ni mimi. Hasira yangu ilikuwa imefika mlangoni mwa mtu ikakuta heshima imeketi pale. Nani anaweza kumkaripia mtu kwa kumheshimu? Ningeweza kumkaripia fundi, lakini alikuwa mbali.

Nikarudi, nikakata kipande kilichooza cha ule waya hadi shaba ikang'aa, nikaziba mpasuko kwa utepe, nikarudishia kofia. Kiki moja. Bomba la kushoto lilipolichemsha tone la maji, nilisema "ndaga" kwa Mungu wangu, asante ya kwetu.

Jumamosi gari la vyuma likaja. Nilikuwa nimeisimamisha pikipiki barabarani mbele ya nyumba, injini ikiunguruma, Biblia na vyombo vya meza ya Bwana vikiwa vimefungwa nyuma. Mwanangu akayagusa mabomba yote mawili, akajiunguza, akamwambia mnunuzi aendelee na safari yake. Kuhusu fundi alisema labda ilikuwa bahati yangu. Nikamwambia bahati haina dole gumba.

Kisha nikakihamishia kiti changu mbele ya nyumba, kandokando ya barabara. Uani ni pa mkamwana sasa, na kakao yake imehamia kibandani. Vumbi la bodaboda zote nalila mimi, na nalila kwa hasira, kwa kuwa bado naamini mila ile imepitwa na wakati. Lakini anapita.

Nawe uliyesoma, Bwana akulinde na wanaotangaza vifo bila kugusa, akupe mikono ya kupima kabla ya kusema, na nyumbani kwako kila mtu apate njia ya kupita. Amina.