Vijiko Vyeusi vya Dranya

Nina vijiko vitano vya fedha, vyembamba, vilivyolika ncha upande mmoja, na sitaki mtu aniulize kwa nini siviuzi. Wenzangu wa soko la Arua wameniuliza mpaka nimechoka. Mimi ni muuza vyombo: sufuria, birika, sahani za bati, mabeseni. Mtu wa kazi kama yangu akionekana anatoa sufuria mpya, hata karatasi haijabanduliwa, anabadilishana na kijiko cheusi kilichopinda, lazima watu waseme. "Huyu mama, akili yake iko sawa kweli?" Walisema mbele yangu, na mimi niliwajibu vibaya. Sina subira na mtu anayenichekea shughuli zangu.

Vijiko hivyo ni vya Amerika, vya zamani sana. Nilisoma kwenye simu, soko likiwa limepoa, kwamba kule masonara wa zamani walikuwa wakiyeyusha sarafu za fedha na kuzifua ziwe vijiko. Nyuma ya mpini waligonga jina la fundi na neno "sarafu" kwa lugha yao, mnunuzi ajue fedha imetoka wapi. Wapo watu hadi leo wanaovikusanya. Wanabishana juu ya fundi huyu na fundi yule, na juu ya umbo la mpini, kama sisi tunavyobishana juu ya ng'ombe. Jambo moja wote walikubaliana: kijiko cha namna hii hakisuguliwi. Unakipangusa na kitambaa laini, weusi unauacha ulipo.

Lakini mimi sikuanza kwa kupenda fedha. Nilianza kwa ajili ya mama yangu.

Mama alikuwa mpishi wa mmisionari mmoja wa Amerika, mwanamke, pale Koboko. Baba alikuwa askari, na Kiswahili cha kambini ndicho tulichokulia nyumbani, kwa hiyo mama alielewana na wazungu wa misheni kuliko wapishi wengine. Mmisionari huyo alikuja na vijiko kumi na viwili alivyorithi kwa bibi zake. Juu ya kila mpini kulikuwa na herufi tatu zimechongwa, zimeshikana. Wiki moja vijiko sita vikapotea. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mama. Mtunza stoo naye alikuwa na wake, lakini yeye alitoka familia kubwa ya kanisani, basi hakuna aliyemtazama. Mama alifukuzwa. Hakupelekwa polisi. Yule Mwamerika alitangaza kwamba amemsamehe, na mimi naona afadhali angempeleka polisi, maana aliyesamehewa watu wanajua tayari alifanya.

Kwetu, kukiwa na msiba, vyombo vinaazimwa nyumba hadi nyumba, na kuna mama mmoja anayekabidhiwa kuvitunza. Anakaa penye vyombo siku zote za matanga. Anajua sufuria yenye uzi mwekundu ni ya nani na beseni lenye rangi ya kijani ni la nani, na msiba ukiisha kila kitu kinarudi kwao. Kijijini kwetu Dranya kazi hiyo ilikuwa ya mama yangu. Tangu vijiko vile, hakuipata tena. Hakuna aliyemwita mwizi, la hasha. Walimwambia tu, "Mama, wewe nenda kisimani." Zaidi ya miaka ishirini yeye ni wa kisimani. Mgongo umepinda sasa, ndoo haiwezi, na bado akisikia kilio anajifunga kanga anaenda. Anasimama mbali kidogo na vyombo, mikono ameikunja, asije mtu akadhani amegusa. Nilimwona hivyo kwenye msiba wa jirani na roho ikaniuma sana. Nikasema, kabla hajafa atakaa tena penye vyombo.

Kijiko cha kwanza nilikuwa nimekiona kwa bahati Arua, kwenye rundo la vyuma chakavu, nikakitambua kwa zile herufi tatu alizonisimulia mama. Cha pili kilikuwa kwa mfanyabiashara Mkongomani, jirani yangu wa mtaa wa Awindiri, hapo hapo Arua, anachotea chumvi. Nilimuuliza kilitoka wapi. "Mutu aliniletea zamani sana," alisema, "siwezi jua ni mutu gani." Viwili nilivipata Koboko mjini, kimoja kwa muuza chai, kingine kimefungia komeo la banda la kuku. Cha tano kilikuwa Abuku, kwa mama mmoja mkulima, ndani ya chungu cha karanga za kusaga. Huyu ndiye aliyenipa usingizi. "Hii, mume yangu alinunua kwa yule wa stoo ya misheni," alisema. "Alileta ndani ya soksi." Mtunza stoo alikuwa ameshakufa, na mume wa huyu mama pia. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mzima, na alikubali kuja kusema mbele ya watu. Cha sita sikukipata na sikukitafuta tena.

Nikaenda kwa mzee wa kanisa. Yeye alikuwa na kijiko kimoja cha seti ile ile, zawadi aliyoachiwa na Mwamerika siku ya kuaga. Amekihifadhi kwenye leso, hakijawahi kugusa uji, na herufi zake unazisoma bila miwani. Tukaelewana. Angekuja Dranya na wenzake wawili, angelinganisha herufi, angemsikiliza mama wa Abuku. Vikilingana, angesimama kanisani na kusema kwamba mama yangu alisingiziwa.

Vijiko vyangu nilikuwa nimeviweka kwa mama, kwa sababu chumba changu cha Awindiri kiliwahi kuvunjwa. Nilimwambia asivioshe.

"Chombo cheusi namna hii nitaonyesha watu?"

"Wacha hivyo hivyo, mama."

Nikadhani tumeelewana. Sababu sikumweleza. Niliona hataelewa, na hapo nilikosea, sina wa kumlaumu. Vijiko vile vilikuwa vimesuguliwa na kila aliyevitumia miaka yote hiyo, herufi zimebaki mikwaruzo tu. Zilionekana kwa sababu ule weusi ulikuwa umejaa ndani ya mikwaruzo, na alama ya fundi huko nyuma vilevile. Ukiondoa weusi, huna kitu.

Siku ya wageni nilitoka Arua mapema na sukari na vikombe. Nilipofika, vijiko vilikuwa juu ya kichanja, juani, vinameremeta. Mama alikuwa amevisugua tangu alfajiri, kwa majivu na mchanga wa mtoni na kipande cha gunia, kama mama yake alivyomfundisha na kama yeye alivyonifundisha mimi. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Ndiyo malezi yetu. Mgeni anakuja, tena mgeni wa kuja kukupima kama wewe ni mwizi, utamwekea chombo cheusi? Mwanamke wa kwetu heri afe.

"Ona," aliniambia, na alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake siku nyingi. "Iko kama mpya."

Nilivigeuza kimoja kimoja. Mbele hakuna kitu, nyuma hakuna kitu. Nikakaa chini. Kabla sijasema neno, wageni wakapiga hodi.

Mzee alifungua leso yake, akaweka kijiko chake katikati ya vyetu. Chake kilikuwa na herufi. Vyetu vilikuwa vyeupe tu. Alivaa miwani, akavisogeza mwangani, akapitisha kucha juu ya mipini. Mama wa Abuku alisema yote aliyoahidi, hata soksi aliitaja. Mzee alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Hatukatai ulikuwa na kijiko, mama. Lakini kijiko gani? Hapa hakuna alama."

Walikunywa chai. Walimsifu mama kwa usafi wa vyombo. Wakaomba dua wakaondoka, na mama wa Abuku akaondoka nao, kichwa chini.

Tulibaki wawili. Mama aliniuliza ni alama gani wanasema, na nilipomweleza akaitazama mikono yake. Hapo ningenyamaza. Lakini mimi hasira zangu nazijua, zikishapanda siwezi kuzishusha. Nilimwambia amenipotezea miaka, nimetukanwa sokoni, nimezunguka vumbi lote la West Nile kwa ajili yake. Nilikuwa napiga kelele, jirani wanasikia.

"Sasa nani atajua kama hukuiba?" nilisema. "Niambie. Nani atajua?"

Mama hakulia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi.

"Nilifikiri vijiko unatafutia wao," alisema. "Kumbe na wewe."

Nikataka kusema siyo hivyo, mama, sikumaanisha hivyo. Lakini hakunisubiri. Aliinuka, akavikusanya vijiko, akavifuta na ncha ya kanga yake, akavifunga kwenye kitambaa safi. Akaniwekea mkononi.

"Utaenda nayo Arua," alisema. "Hapa kwangu isikae. Lakini fungua kwanza, uhesabu, ndiyo utoke."

Alisimama mlangoni akingoja. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa aibu na kwa mazoea ya soko, nikafungua kile kitambaa nikavihesabu.