Mabano ya Chungu Kimoja

Siku ya kwanza ya kazi hii niliingia chumba cha klabu ya kamusi elezo pale Raskazone nimevaa shati jipya na miwani ya kusomea niliyokuwa sijaizoea. Vijana sita walikuwa wameinamia kompyuta. Mratibu wa klabu, Neema, binti wa Lushoto mwenye digrii yake, alinipa shikamoo vizuri kisha akachukua kalamu.

"Elimu yako, mzee?"

"La saba. Na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa."

"Umewahi kuandika makala?"

"Sijawahi. Lakini kwa habari za vipindi vya televisheni, binti yangu, Tanga yote hii hunipatii mwenzangu. Kaulize Usagara."

Vijana wakacheka. Nikawaacha wacheke. Mtu aliyeendesha maktaba ya video Usagara miaka ishirini hababaiki kwa kicheko cha watu ambao hawajapata kurudisha kanda nyuma kwa kalamu.

Niwaeleze kidogo, maana wengi mnaosoma kamusi elezo ya mtandaoni mnadhani inajiandika. Haijiandiki. Inaandikwa na watu wa kujitolea, na kila mtu anaruhusiwa kutia mkono wake. Kila makala ina jina, na jina ndilo mlango wa kuingilia. Kubadilisha jina hilo tunaita kuhamisha. Ukihamisha, jina la zamani linabaki kama elekezo, yaani atakayelitafuta anapelekwa kwenye jipya. Kila unachokigusa kinaandikwa kwenye historia ya ukurasa, na jina lako kando yake. Halafu kuna wakabidhi, ambao ni wenzetu waliokabidhiwa funguo: wanaweza kufunga ukurasa usiguswe, au kuufuta kabisa. Mkabidhi wetu alikuwa Mwalimu Singano, mstaafu wa sekondari, mtu mrefu, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo.

Neema alinipa dawati la televisheni kwa sababu hakuna aliyelitaka. Nilikuta fujo. Makala moja jina lake limeanza na "Tamthilia ya", nyingine imefungiwa mabano yenye jina la kituo, nyingine ina mwaka, na moja ilikuwa imepewa jina la mwigizaji mkuu kama vile kipindi kizima ni mali yake. Msomaji hakujua abishe mlango upi.

Mimi kwenye duka langu nilikuwa na utaratibu. Mgongoni mwa kila kanda niliandika jina lake tu, basi. Zikitokea mbili za jina moja ndipo naongeza ni kitu gani: filamu, tamthilia, vichekesho. Mteja alikuwa hakai dakika tano. Nikasema utaratibu huohuo utatufaa huku. Mwalimu Singano hakukubali. Yeye alitaka kila jina lifungiwe mabano, na ndani yake aina ya kipindi pamoja na kituo, liwe na mwenzake au lisiwe naye.

"Utaratibu ni mmoja kwa wote, Bwana Athumani," aliniambia.

"Mwalimu, mtaani kwenu kuna Saidi mmoja. Utamwita Saidi Fundi Baiskeli wa Usagara? Si utamwita Saidi tu?"

"Na akija Saidi wa pili?"

"Akija tutajua."

"Tutajuaje, kama hakuna aliyetazama?"

Neno hilo nililipuuza, na lilikuja kunigharimu.

Tulibishana kwenye ukurasa wa majadiliano, ule wa nyuma ya makala ambako waandishi hukubaliana kabla ya kugusa kitu. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Mimi si mtu wa vikao. Jumamosi moja nikakaa kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, nikahamisha makala zote za televisheni peke yangu. Mabano nje, majina wazi. Nilipofika Chungu Kimoja nikakuta makala mbili. Nikajiambia hii ni ileile tamthilia ya wake wenza na mama mkwe wao, nimeiazimisha Usagara mpaka kanda zimelika, mtu kairudia kwa kutojua. Ile ndefu nikaiacha, nikaiongezea majina ya waigizaji kutoka kwenye ile fupi, na ile fupi nikaigeuza elekezo. Sikusoma hata mistari mitatu. Nilirudi nyumbani nimetanua kifua.

Mwalimu Singano akafunga kurasa zote za televisheni Jumatatu yake. Nikamwona ana kinyongo.

Haukupita mwezi, akaingia klabuni mama mmoja wa makamo ya mama yangu, kanga zake safi, barua mkononi.

"Nani hapa ndiye Athumani wa Kanda?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu soma."

Nilimtambua kabla sijaishika barua. Alikuwa Bi Mwanahamisi wa Kigombe, yule mama mkwe wa Chungu Kimoja mwenyewe! Barua ilitoka kwa watu walioandaa hafla ya kuwaenzi wasanii wa pwani. Walimwomba, kwa heshima zote, yeye mpishi maarufu wa televisheni, aje awapikie wageni pilau.

"Miaka minne nimeigiza," alisema. "Nilikuwa nikienda sokoni wanawake wananizomea, hawataki kuniuzia nazi, wananiambia waache wakwe zako wapumue! Leo wenzangu wanaketishwa mbele, mimi niende jikoni?"

"Wamezipata wapi habari hizi, mama?" aliuliza Neema.

"Kwenu. Wamenionyesha kwenye simu."

Neema akafungua ukurasa. Ile makala ndefu niliyoiacha ilikuwa ya kipindi cha mapishi, kilichoanza baada ya mimi kufunga duka. Majina ya waigizaji wangu yalikaa chini ya kichwa kilichosema Wapishi. Akafungua historia. Akanigeuzia skrini, jina langu liko pale.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe? Si ndiyo nimeambiwa wewe ndiye bingwa?"

Kisha yeye mwenyewe akaongeza, taratibu, "Na pilau lenyewe sijui kupika. Marehemu mume wangu alilijua hilo, akanistiri."

Hafla ilikuwa imebaki wiki mbili. Waandaaji tulipowapigia walijibu kwamba wao wanafuata kilichoandikwa; kikibadilika, na wao watabadilisha. Na kurasa zilikuwa zimefungwa. Nilikwenda kwa Mwalimu Singano nyumbani, jioni hiyohiyo.

"Fungua ukurasa mmoja tu, Mwalimu."

"Sifungui. Nikifungua leo bila kanuni, kesho atatokea Athumani mwingine na Jumamosi yake."

Lilinichoma, lakini alisema kweli. Nikaapa sitoki barazani kwake mpaka kanuni ipatikane. Mkewe akaleta kahawa, akaleta tena.

"Kituo kitoke kwenye mabano," nilisema. "Chungu Kimoja ilianzia kituo kimoja ikamalizikia kingine. Utaandika kipi?"

Akafikiri sana. "Hapo umesema. Basi aina tu. Na aina zikigongana?"

"Mwaka kilipoanza kurushwa."

"Na kisicho na mwenzake?"

"Jina tupu, Mwalimu. Hapo sirudi nyuma."

"Nami nina langu. Kabla ya kuhamisha, mtu afanye nini?"

"Atafute kama kuna mwenzake."

"Akiona yuko?"

"Asome."

"Asome mpaka wapi?"

Nikanywa kahawa kwanza. "Mpaka chini, Mwalimu."

"Hiyo ndiyo iwe kanuni ya kwanza. Iandike wewe."

Niliiandika, na chini yake nikaeleza kosa langu, kwa herufi kubwa. Neema akaniambia herufi kubwa kwenye mtandao ni kupiga kelele, nikazipunguza. Desturi yetu ni kuacha pendekezo siku saba watu wapinge. Siku hizo sikuzipoteza. Kamusi elezo haikubali neno la mtu, inataka marejeo, yaani ushahidi uliochapishwa. Nikapekua masanduku ya duka hadi nikapata jalada la kanda ya Chungu Kimoja, na majina ya waigizaji wote nyuma yake. Mwingine yeyote angekuwa ameshayatupa zamani.

Siku ya nane Mwalimu akafungua. Nikatenganisha: Chungu Kimoja (tamthilia), Chungu Kimoja (kipindi cha mapishi), na ukurasa wa maana, ule unaomwonyesha msomaji njia panda, wenye mistari miwili tu. Barua mpya ilimfikia Bi Mwanahamisi siku mbili kabla ya hafla.

Aliketi mstari wa mbele. Pilau lilipikwa na mtangazaji wa kile kipindi cha mapishi, na lilikuwa tamu. Mshereheshaji alipomtaja Bi Mwanahamisi, wanawake wa viti vya nyuma wakaanza kumzomea, ukumbi mzima ukafuata, kama zamani sokoni. Akasimama, akajishika kiuno kwa ule mkao wa mama mkwe, akatutazama mmoja mmoja kwa dharau mpaka watu wakalia kwa kucheka. Mwalimu Singano, aliyekaa kando yangu, naye alikuwa akizomea.

Nimeachia dawati mwaka huu, macho yamechoka na skrini. Makala za televisheni niliziacha zimekaa sawa zote kwa kanuni ile, na hadi leo hakuna aliyeleta iliyo bora, jambo ambalo nawaambia wote bila kuulizwa. Neema aliniambia wakati wa kuniaga kwamba ile Jumamosi yangu ingali kwenye historia na itabaki. Nikamwambia ibaki, waone nilikoanzia.

Juzi binti anayekalia dawati langu alinipigia simu.

"Mzee Athumani, shikamoo. Nimekuta Chungu Kimoja ya tatu. Naiunganisha na ipi?"

"Marahaba. Umeisoma mpaka chini?"

"Mistari mitatu ya juu, mzee."

"Kaisome," nikamwambia. "Nakusubiri hapahapa kwenye simu."