Picha ya Kisogo

Gari la shirika la misaada liliingia kwenye kambi ya wakimbizi ambayo mkalimani hakuwahi kufika. Kwa safari nzima aliyekuwa amemzoea ni mpiga picha aliyeketi mbele yake, mtu wa mikono mipole, aliyefuta lenzi kwa pindo la shati hata pasipo vumbi. Kambini mpiga picha alichuchumaa mpaka magoti yakaalika, akawatania watoto wenye mapengo, "Nani kawaibia meno?" Kila mtu aliyempiga picha, alimwonyesha picha yake kwenye kioo cha kamera. "Ona ulivyopendeza!"

Mama mmoja alikuwa ameoga, amejipaka mafuta, mtandio ameusukuma nyuma. Mwanawe alipotezana naye walipokuwa wakikimbia vita, na mama alikuwa amesikia kwamba picha hizi hufika kwenye simu za dunia nzima. Mpiga picha akamshika mabega, akamgeuza taratibu.

"Mwambie mama, sura yake hairuhusiwi mtandaoni. Ni kwa usalama wake."

"Baba wee, kisogo changu hata mimi sikijui," mama akamjibu mkalimani. "Mwanangu atakijuaje?"

Mkalimani alitafsiri yote. Mpiga picha akapiga mara mbili, kisha akafunika kioo cha kamera kwa kiganja. Huyu hakumwonyesha.

Gari lilipowashwa, mkalimani alibaki kambini kumalizia fomu za waliopigwa picha. Mama alikimbilia njiani, akavua mtandio, akainua uso. Dirishani, mpiga picha aliilaza kamera mapajani, akampungia mkono.

"Kanipiga?" mama alimuuliza mkalimani, bado amesimama wima, hapepesi macho.