Mchele wa Bonde la Kabaw

Zamani nilikuwa dobi kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Nilikuwa nimeshaoa, na mke wangu alikuwa ananicheka kwa sababu nilinukia sabuni kuliko yeye. Pasi zetu zilikuwa za mkaa. Ukitaka kumjua dobi mzuri mtazame anavyopuliza: anageuza uso pembeni, anapuliza kidogo kidogo, cheche zisirukie nguo. Mimi nilikuwa mzuri. Kwa miaka mitatu niliunguza kola moja tu, na hilo lilikuwa kosa la jogoo, lakini habari ya jogoo niiache.

Mwenye shamba alikuwa Mgiriki. Yeye alijua Kiswahili, hasa kile cha kutukania. Mke wake ndiye aliyekuwa amekuja juzi tu, hana Kiswahili, ana Kiingereza cha shule. Mpishi wao, mzee wa Kisambaa mwenye mdomo mkali, Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha darasa la tatu na kile nilichookota kwa kusikiliza. Basi nikawa mkalimani, huku nimeshika pasi.

Mama anasema, mwambie mpishi supu yake ni maji ya kuoshea miguu. Mimi namwambia mpishi, mama anaomba uongeze chumvi kidogo. Mpishi anajibu, mwambie aingie jikoni apike mwenyewe, mvivu huyu. Mimi namwambia mama, anasema sawa, ataongeza. Wakaishi hivyo miaka mitatu. Siku ile mama anaondoka alimpa mpishi saa ya ukutani, na mpishi akalia kama amefiwa. Akaniambia hajapata kuona Mzungu muungwana kama yule. Mimi nilisimama pale kati yao nimejawa na sifa. Niliamini nimegundua dawa.

Dawa hiyo nilikuja nayo mpaka Toronto, kama mtu aliyebeba pasi ya mkaa kwenda nchi ya umeme.

Nilifika huku mwanzoni mwa miaka ya tisini, kumfuata binti yangu aliyekuwa akiuguza wazee kwenye nyumba zao. Pamoja na utu uzima ule nikapewa kazi ya nguo tena. Kilikuwa kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, kule Downsview, katikati ya maghala. Nikiingia asubuhi mvuke unanipiga usoni, miwani inaziba, nami nacheka peke yangu: nimevuka bahari nzima kuja kufua. Ijumaa nikishalipwa nalala. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu, na Jumamosi hizo bado nazitamani. Siku hizi nina nafasi zaidi, nina kiti kizuri, nina televisheni ya ukutani, lakini ningevibadilisha vyote kwa Jumamosi moja ya pale.

Palikuwa na jumba la maduka mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Ndani yake, mahali pa kulia, kuna meza zimepigiliwa chini zisiibiwe. Sisi tulikuwa na yetu, ya pembeni, karibu na mashine ya kuuza chingamu. Tulikuwa tunacheza drafti. Ubao nilichonga mimi kwa mlango wa kabati lililotupwa. Vizibo vilikuwa shida, maana soda za huku zina vifuniko vya plastiki vikubwa visivyokaa kwenye mraba. Tukawa tunasubiri harusi na ubatizo, kukiisha tunainama chini ya meza za watu kuokota vizibo vya chuma. Binti yangu aliona aibu. Nilimwambia anunue drafti ya dukani kama hataki, akanunua, ikawa nyepesi, ukiipiga hailii. Drafti isiyolia si drafti.

Tulikuwa watatu wa kudumu. Wa kwanza mimi. Wa pili mzee mmoja wa Kiismailia, mzaliwa wa Dodoma, baba yake alikuwa na duka la vitambaa kule. Mwanawe alikuwa akimleta kwa gari kutoka Mississauga, anamwacha na kopo la chevda za kutafuna na chupa ya chai. Tulimwita Mzee wa Dodoma. Alikuwa akikufunga huku anaomba radhi. Kiingereza chake kilikuwa cha magazeti, kimenyooka.

Wa tatu ni Koplo.

Koplo alikuwa Mngoni wa Songea, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Shikamoo yake niliitoa hata kama amenifunga mara tano. Alikuwa amemfuata mwanawe, kama mimi. Vitani alikwenda kijana, na vita yake ilikuwa Bama, kule Asia, ambako Mwingereza aliwapeleka kupigana na Mjapani. Vijana waliozaliwa huku huwaambii kitu kuhusu Bama. Wajukuu wake walimsikiliza Kiswahili chake, wakamjibu Kiingereza, wakarudi kwenye michezo yao. Shule iliwafundisha vita ile ilipiganwa na Wazungu kwenye theluji. Kwa hiyo ilibaki kwetu sisi, na sisi tuliisikia yote, kila Jumamosi, baada ya mchezo wa mwisho.

Alikuwa na namna yake. Anafuta ubao kwa kiganja. Anavua skafu yake ya kijani, anailaza kwa kukunjakunja upande wa kulia: huo mto Chindwin. Vizibo vyekundu ni Mjapani, anavipanga juu ya vitabu vya anwani za simu, maana Mjapani alikaa vilimani. Vizibo vyeupe ni sisi, na sisi tuko chini, bondeni. Anaanza juu kabisa, mji unaitwa Tamu, naye hakuacha hata siku moja kusema kwamba hapakuwa na kitamu chochote pale. Kutoka Tamu wanashuka bonde la Kabaw. Mvua. Magari yanazama mpaka madirishani, wanakata miti wanalaza magogo yawe barabara, asubuhi magogo yamezama nayo. Malaria, na homa ya utitiri wa majanini. Wanamezeshwa vidonge vya njano mpaka macho yanakuwa ya njano. Wazungu waliliita bonde la mauti. Kizibo kimoja kimoja anakisukuma mbele kwa kidole: Mjapani anawapiga kutoka juu, wanazunguka nyuma ya kilima usiku kucha kwa kamba, wanamtoa, anahamia kilima kingine. Miezi minne hivyo. Kisha Kalemyo, kisha ule upenyo wa mto kati ya majabali, kisha Kalewa, kisha wanavuka Chindwin kwa mashua usiku, na wahandisi wanafunga daraja la vyuma refu ajabu. Hapo Koplo alikuwa anainua mikono juu ya ubao.

“Tukaambiwa asanteni, rudini nyuma. Wengine wakapita juu ya daraja letu kwenda mji mkubwa, Mandalay, kupigwa picha.”

Mzee wa Dodoma hapo huwa anasema, “Pole, Koplo,” na kumwongezea chai.

Lakini kabla ya Kalewa kulikuwa na jambo, na hilo hakulisema kila Jumamosi. Bondeni chakula kilikuja kwa ndege. Risasi zilishuka na miavuli, mchele haukupewa mwavuli. Ulitiwa gunia ndani ya gunia, la ndani likipasuka la nje lishike, ukasukumwa mlangoni ukaja kama jiwe. Koplo alichukua vipakiti vya sukari vya pale mahali pa kulia, akaviachia kutoka juu vianguke ubaoni, pa, pa, pa.

Alikuwa na mtani wake, Mhehe. Nyie mnajua Wangoni na Wahehe walivyo, wanatukanana mpaka mgeni anadhani watauana, kumbe ndiyo kupendana. Siku moja ndege zilipita mara ya kwanza, zikamwaga, zikaenda kugeuka. Walikuwa na siku mbili hawajala. Amri ilikuwa kusubiri mpaka ndege zimalize. Koplo akamwambia mtani wake, “Unangoja nini? Si Mhehe haogopi kitu ila njaa?” Mtani akacheka, akamtukana, akakimbia uwanjani. Ndege zikarudi.

Koplo aliweka kipakiti cha sukari juu ya kizibo kimoja cheupe, akakiacha hapo. Kwa kawaida mtani ndiye anayesimamia mazishi, anachekesha watu, analipwa chochote. Yeye alimzika mtani wake kwenye matope bila kusema neno la utani, na huko Iringa kwa Wahehe hakuenda kamwe kuwaambia ndugu zake. Kilichomkaa moyoni ni kitu kimoja. Alitaka kumpata mtu mmoja tu aliyekuwa juu ya ndege zile, amuulize kama walikuwa wanawaona. Kama walikuwa wanaona watu chini, kosa ni lao pia. Kama hawakuona, basi lilikuwa la kwake peke yake, nalo atalibeba vizuri. Hayo alituambia kama mtu anayezungumzia mguu unaomuuma.

Sasa. Ilikuwa Novemba, watu wamebandika yale maua mekundu ya plastiki kifuani kukumbuka vita. Mzee wa Dodoma siku hiyo hakuja, alikuwa na harusi ya mjukuu. Koplo alikuwa anaangusha vipakiti vyake. Nikaona mzee wa Kizungu amesimama na trei yake ya supu, mrefu, masikio makubwa, ua kifuani. Akaniuliza huo ni mchezo gani. Nikamwambia si mchezo, ni Bama. Yule mzee alikaa bila kukaribishwa. Akagusa kipakiti cha sukari kwa kidole, akaniambia kwamba kazi yake ilikuwa hiyo. Alikuwa kijana wa kutoka kijiji cha hukuhuku Kanada, akawekwa kwenye ndege za Mwingereza, naye akalala chali sakafuni akisukuma magunia kwa miguu.

Nikamtafsiria Koplo. Akakaa wima, kama yuko kwenye gwaride.

“Mwambie gunia lilimuua mtani wangu. Mwambie mimi ndiye niliyemtuma. Halafu muulize: kule juu mlikuwa mnatuona?”

Nilimtazama yule Mzungu. Supu yake inapoa. Mgeni, mtu mzima, amekaa mezani kwetu kwa dakika tano. Nitaanzaje? Nikaona jikoni kwa Mgiriki, nikaona saa ya ukutani. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mwenzangu anasema mchele ule uliwafikia, wakala, wakapona, na anashukuru.

Yule mzee alilia. Pale pale, mbele ya watu na trei zao. Alisema miaka hamsini hakujua kama mchele ule ulimfikia mtu yeyote, kwa kuwa chini walikuwa wanaona miti tu na moshi, wakarusha kwenye moshi.

Koplo akaniuliza anasemaje. Kuhusu moshi nilimwambia kweli. Lakini machozi niliyapa kazi nyingine. Nikamwambia, “Anasema pole sana kwa mtani wako. Anamlilia.”

Koplo alinyoosha mikono juu ya ubao, juu ya skafu, akaushika mkono wa yule mzee kwa mikono yote miwili. Wakakaa hivyo, kila mmoja na habari yake. Mimi nilisimama kati yao nimejawa na sifa.

Wiki ile Koplo alinipigia simu mara mbili, yeye ambaye simu aliiogopa. Mara ya pili alisema anataka kuandika barua Iringa, kwa ukoo wa mtani wake kama bado upo, kwamba kuna Mzungu wa ndege zile ameomba pole kwa ajili yake. Aliniomba nimwandikie. Nikamwambia Jumamosi.

Jumamosi Mzee wa Dodoma alikuwepo, amekuja na ladu, vile vitamu vya harusi. Tulikuwa hatujaanza hata mchezo. Koplo ameshalaza skafu. Yule Mzungu akatokea amevaa koti zuri na tai, amekumbatia mfuko wa mchele, mkubwa, kilo kumi. Akauweka juu ya ubao, vizibo vikakimbia. Anacheka. Akaanza kueleza, anamtazama Koplo, na mimi nikafungua mdomo, lakini Mzee wa Dodoma ni mtu wa adabu, aliona nimechoka na kazi, akanisaidia. Alitafsiri kama alivyocheza drafti, bila kuruka mraba.

“Koplo, anasema amekuletea mchele. Anasema ni kwa ajili ya ule wa bondeni, uliokula ukapona, na wiki iliyopita ukamshukuru. Anasema hakuna mtu mwingine aliyewahi kumshukuru.”

Koplo aliutazama ule mfuko. Akanitazama mimi.

“Pole ya mtani wangu aliisema?”

Nilijua kusema uongo kwa lugha mbili, lakini hapo hata moja sikuiona. Nikasema, “Hapana, Koplo. Sikumwambia.”

Mzee wa Dodoma aliweka chini kikombe. Akamwambia Koplo taratibu kwamba yeye yupo, aseme lolote, atalifikisha kama lilivyo. Mzungu bado anatabasamu, anatutazama mmoja mmoja.

“Nimwambie nini sasa,” Koplo akasema. “Mtu amekuja na zawadi mikononi.”

Aliinuka. Akampa yule mzee mkono, akamwambia asante kwa Kiingereza, neno analolijua. Akainua mfuko wa mchele kidogo, akavuta Chindwin kutoka chini yake, akaikung'uta, akaizungushia shingoni. Mimi hakunitazama tena. Alipita kati ya meza, mgongo umenyooka, mlango wa kioo ukajifungua wenyewe, akatoka. Hakurudi tena.