Kitanda Ndani ya Kombi

Ukinunua gari la kulala ndani, ushauri wangu ni huu: kabla ya kupima godoro, muulize abiria wako.

Katikati ya miaka ya tisini nilinunua Kombi kuukuu hapa Migori, nikiwa na digrii na majivuno ya kutosha. Mama alitaka kwenda Sindo kumwona dada yake mkubwa, aliyekuwa mgonjwa sana. Nikamwomba asubiri kidogo, nimwandalie safari ya heshima. Fundi akapigilia kitanda. Nikashonesha mapazia, nikafunga jiko la gesi, nikatafuta mtungi wa maji usiovuja. Wiki tatu zikapita.

"Hilo gari lako linaolewa?" Mama aliuliza. "Mbona linapambwa hivi?"

"Rangi ya kitanda haijakauka, Mama."

"Kitanda cha nani?"

"Chako. Ukichoka njiani, unalala."

Alinitazama kwa huruma. "Kwani huko chuo ulisomea nini? Tangu lini mama akalala kwenye kitanda cha mwanawe? Mimi nilitaka kiti tu."

Mwiko huo niliujua tangu utotoni. Tuliondoka kesho yake alfajiri. Sindo tulikuta turubai uani na udongo mpya wa kaburi. Mama mkubwa alikuwa amezikwa siku mbili kabla, na habari haikuwa imetufikia.

Mama hakunilaumu. Aliketi chini kando ya kaburi, akalia, kisha akaniomba maji. Nikaenda garini kuyachota kwenye mtungi wangu. Ulikuwa bado umejaa, haujavuja hata tone.