Vipande vya Miti Juu ya Bati

Majirani walimwita Mama Mkaa, na jina halikumkera. Mkaa ndio uliomsomesha Kitinda, bintiye wa mwisho, hadi akapata kibarua kwenye maabara ya misitu. Kibarua chenyewe kilikuwa cha majaribio. Akiharibu, nafasi inakwenda kwa mwingine. Tangu hapo, kila simu ya binti ikilia, roho ya mama inaruka.

Jumamosi moja Kitinda alirudi kutoka porini na gunia lililolowa, maana maabara ilikuwa imefungwa. Ndani mlikuwa na vipande vya miti ya mbugani, vimekatwa duara kama visahani. "Nitunzie hivi, mama," akasema, akaenda kulala kama gogo.

Mama Mkaa akafungua gunia. Maji matupu. Katika biashara yake, mzigo uliolowa ni hasara: mteja anaushika, anaguna, anakwenda zake. Akawaza mwanawe atakavyoaibika mbele ya wakubwa. Akapanda kwenye kiti, akavianika vyote juu ya bati la kibanda, akawa anavigeuzageuza.

Fundi cherehani wa mlango wa pili akamchungulia. "Mama Mkaa, leo unaanika viti vya panya?"

"Shona huko. Hii ni kazi ya maabara."

Alasiri Kitinda aliamka, akatoka nje, akatazama juu ya bati.

"Mama, nani kavitoa kwenye gunia?"

"Mimi. Vilikuwa vinaelekea kuoza."

Binti akakaa kizingitini, akaeleza polepole, na upole ule ulimtisha mama kuliko makelele. Kipande hupimwa ukubwa kikiwa kibichi, kama kilivyokuwa mtini. Kisha hukaushwa kwenye tanuri, ndipo hupimwa uzito. Hapo hujulikana ubao wa mti ule ni mzito kiasi gani, na mti umehifadhi kaboni kiasi gani, maana karibu nusu ya ubao mkavu ni kaboni. Vikilambwa na jua mapema vinasinyaa, na hesabu nzima inakuwa ya uongo.

"Na hiyo kaboni ndiyo nini?"

"Ndiyo mkaa wako, mama. Ila huu wetu bado umo ndani ya mti."

Kitinda akampigia mkuu wake. "Samahani mkuu, vipande nimeviacha juani..."

Mama akampokonya simu. "Si yeye, baba. Ni mimi mama yake. Nilidhani navitunza."

Mkuu akauliza: "Vimepasuka?"

"Kimoja. Kile kigumu cheusi."

"Viloweke vyote, vizame kabisa. Vitavimba tena. Sasa mpe binti yako simu."

Mama akatoa mabeseni yote ya nyumba, hata la kuogea. Vipande vya miti mizito vilitulia chini kama mawe. Vya miti myepesi vilikataa, vikaelea, akavigandamiza kwa sahani na jiwe juu yake. Masikio yote yalikuwa kwenye simu.

"Kasemaje?" mama akauliza, binti alipokata simu.

"Jumatatu niende navyo. Badala ya kile kilichopasuka, nikafuate kingine mwenyewe porini."

"Kwa hiyo kazi bado unayo?"

"Ninayo. Ila kasema mama asivitunze tena."

Fundi cherehani akachungulia tena. "Haya, na sasa unavifua?"

Kipande kimoja chepesi kilikuwa kimechomoza pembeni mwa sahani, Mama Mkaa akakirudisha chini kwa kidole gumba, akakishikilia hapohapo.